Wapiganapo malaika, nani huumia?

Kuna aya katika Ufunuo wa Yohana ambayo wengi huipita haraka kwa sababu wameizoea: “Kulikuwa na vita mbinguni, Mikaeli na malaika zake wakapigana na yule joka, yule joka naye akapigana nao pamoja na malaika zake.” Irudie polepole. “Malaika zake” wametajwa mara mbili: wa kwanza ni wa Mikaeli, wa pili ni wa joka. Na Kiswahili kimewapa wote wawili “zake” ile ile ya ndugu zake na rafiki zake. Hapa hatuambiwi habari ya malaika waliovamiwa na mazimwi kutoka shimo la mbali. Hii ni vita ya malaika kwa malaika, ya watu wa nyumba moja.

Sasa mpe mchoraji brashi, umwambie achore vita hivyo. Kabla hajachovya rangi atakutana na matatizo matatu. Wapiganaji hawana miili. Wanateolojia, Thomas Aquinas akiwa mbele yao, walishasema malaika ni roho tupu. Wapiganaji hawafi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuuawa. Halafu mshindi anajulikana tangu mwanzo, maana Mungu yuko upande mmoja. Vita visivyo na mwili, visivyo na kifo, visivyo na shaka: utavichoraje mtazamaji asipige miayo?

Eugène Delacroix, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1798, alipewa kazi hiyo mwaka 1849 katika kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris. Aliimaliza mwaka 1861. Alichokifanya pale ndicho ninachotaka tukitazame kwa makini, lakini kwanza kuna mafundo kadhaa ya kufungua, maana picha za malaika wakipigana watu huzichanganya sana.

Vita ipi hasa?

Fundo la kwanza ni la maandiko. Tukisema “vita vya malaika” huwa tunashona vipande vya nguo tofauti. Ufunuo 12 una Mikaeli na joka. Waraka wa Yuda, aya ya 9, una Mikaeli akishindana na Ibilisi kwa ajili ya mwili wa Musa, na humo hapigi hata kofi, anasema tu, “Bwana na akukemee.” Isaya 14 unayo ile “nyota ya alfajiri” iliyoanguka kutoka mbinguni, maneno ambayo katika sura yenyewe anaambiwa mfalme wa Babeli. Biblia ya Kilatini iliitafsiri nyota hiyo kwa neno Lucifer, na kwa kupita karne nyingi neno la kawaida la nyota likageuka jina la malaika mwasi. Hadithi kamili tuliyosimuliwa utotoni, ya malaika mzuri aliyejivuna, akaasi, akatupwa chini, haimo nzima katika sura yoyote moja. Imeshonwa.

Msomaji Mwislamu naye atakuwa ameshakunja uso, na ana haki. Katika Qurani malaika hawamwasi Mwenyezi Mungu. Surat At-Tahrim inasema hivyo waziwazi. Iblis aliyekataa kumsujudia Adamu anatajwa katika Surat Al-Kahf, aya ya 50, kuwa alikuwa miongoni mwa majini, ingawa wafasiri wa kale walilijadili sana suala la asili yake. Malaika wa vitani wapo: katika habari za vita vya Badri wanatajwa elfu moja katika Al-Anfal, kisha elfu tatu na elfu tano katika Aal Imran. Lakini hao wanashuka kuwasaidia waumini dhidi ya watu. Malaika hapigani na malaika. Na Mikaili wa mapokeo ya Kiislamu hashiki upanga juu ya kichwa cha mtu. Yeye anahusishwa na mvua na riziki. Kwa hiyo majirani wawili wa mtaa mmoja wa Tanga, mmoja Mkatoliki na mmoja Mwislamu, wanaweza kutamka jina lile lile, kila mmoja akaona picha yake kichwani, na wala wasijue kwamba hawazungumzi habari moja.

Fundo la pili ni neno lenyewe linaloitambulisha michoro ya namna hii. Wahakiki wetu wa fasihi huuita mkondo huu ulimbwende, yaani Romanticism. Ni neno lenye balaa kidogo, kwa sababu mtaani mlimbwende ni yule anayepita jukwaani na taji kichwani. Ulimbwende wa wasanii wa Ulaya wa mwisho wa karne ya 18 na nusu ya kwanza ya karne ya 19 hauhusu urembo, na hauhusu mapenzi. Unahusu hisia kupewa nafasi ya mbele ya kanuni: hofu, hasira, upweke, dhoruba, giza, mtu mdogo mbele ya kitu kikubwa mno. Mwaka 1757 mwanafalsafa Edmund Burke alikuwa ameandika kwamba kitu cha kutisha, kikitazamwa kutoka mahali salama, humpa mtu raha ya pekee. Kiswahili kinalo neno la hali hiyo, na kwa bahati nzuri linafanana na mada yetu. Vile vinyweleo laini vya mwilini huitwa malaika. Picha ya kilimbwende ni ile inayotaka malaika yako yasimame.

Fundo la tatu ni John Milton, mshairi wa Kiingereza. Wachoraji wengi wa kipindi hicho walipotaka kuchora mbingu ikiwaka moto walifungua Paradise Lost, utenzi wake wa mwaka 1667, aliouandika akiwa ameshapofuka, kabla hata ya kufungua Ufunuo. Sisi wenye tenzi za vita tutajiona nyumbani humo: majeshi, majigambo, silaha zinazometa. Kitabu cha 6 kinasimulia siku tatu za vita mbinguni. Siku ya kwanza Mikaeli anamkata Shetani ubavuni kwa upanga, na Shetani anajua maumivu kwa mara ya kwanza. Halafu jeraha linajifunga lenyewe, maana mwili wa malaika si nyama. Siku ya pili waasi wanavumbua mizinga, na malaika watiifu wanajibu kwa kung'oa milima na kuwatwanga nayo. Siku ya tatu Mwana wa Mungu anaingia peke yake na gari lake la vita, na mambo yanaisha.

Umeona tatizo? Hata Milton, mwenye kipaji kile, alibanwa na mambo yale yale matatu. Jeraha linapona. Milima inarushwa na hakuna anayekufa. Mwisho anakuja mwenye uwezo wote, na mtu unajiuliza siku mbili za kwanza zilikuwa za nini. Ndiyo maana anayekumbukwa na wasomaji wa utenzi ule ni mshindwa. Shetani ndiye mwenye kitu cha kupoteza. William Blake, mshairi na mchoraji wa London, alisema Milton alikuwa wa chama cha Shetani bila mwenyewe kujua.

Wachoraji wakaufuata mlango huo. Thomas Lawrence alionyesha mwaka 1797 mchoro mkubwa wa Shetani akiyaita majeshi yake, uchi, mikono juu, kama mcheza tamthilia anayesubiri makofi. Henry Fuseli alijaza ukumbi mzima kwa michoro ya Milton mwaka 1799, akapata hasara. Mwaka 1847 Alexandre Cabanel, kijana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa akisomea uchoraji Roma, alichora malaika aliyeanguka akiwa amelala juu ya mwamba, mikono imeficha nusu ya uso, jicho jekundu, chozi likikaribia kudondoka. Nyuma yake angani malaika wengine wanapita na shughuli zao. Vita vimekwisha, na vilivyobaki vinapiganwa ndani ya lile jicho. Mchoro huo uko Montpellier, kusini mwa Ufaransa, na siku hizi unasambaa mitandaoni kuliko Mikaeli yeyote mwenye upanga.

Hii ilikuwa njia ya kwanza ya kutoka: kuihamisha vita kutoka angani hadi moyoni mwa aliyeshindwa. Delacroix alipata njia nyingine, na kwa maoni yangu ni ngumu zaidi.

Chumba chenye picha tatu

Saint-Sulpice ni kanisa kubwa la ukingo wa kushoto wa mto Seine. Ukiingia kwa mlango mkuu, geuka kulia. Kikanisa cha kwanza cha pembeni ndicho chenyewe. Awali Delacroix alidhani kitakuwa mahali pa ubatizo. Mipango ilipobadilika akachagua kukiweka chini ya Malaika Watakatifu, na katika shajara yake alibaini kwamba uamuzi huo ulifika tarehe 2 Oktoba 1849, siku ambayo Wakatoliki huadhimisha malaika walinzi. Alifurahia sadfa hiyo ya tarehe, ingawa hakuwa mtu wa kanisani. Mwaka 1862 aliandika kwamba Mungu yumo ndani yetu, na kwamba uwepo huo wa ndani ndio unaotufanya tustaajabie uzuri na tufurahi tukitenda mema. Padri wa parokia angekuwa na maswali mawili matatu hapo.

Mwaka ule wa 1849 alishapita hamsini. Kazi nyingine zikaingilia kati: dari ya Apolo akimuua chatu katika jumba la Louvre, dari ya ukumbi wa manispaa ya Paris ambayo baadaye iliungua mwaka 1871, kisha maradhi. Ukuta wenyewe ulikuwa na unyevu na ulimsumbua. Mwisho wa mwaka 1857 alihama, akaenda kuishi karibu na kanisa, mtaa wa Furstenberg, ili asitumie nguvu zake njiani. Nyumba hiyo leo ni makumbusho yake. Msaidizi wake mkuu alikuwa Pierre Andrieu. Tarehe 1 Januari 1861 aliandika kwamba uchoraji unamsumbua na kumtesa kama kimada asiyetosheka. Kwamba kwa miezi minne alikuwa anatoka alfajiri mbio kuiwahi kazi hiyo kama mtu anayekimbilia miguuni pa mpenzi wake. Mzee wa miaka 62, mgonjwa wa koo, anapanda jukwaa la mbao akiwa na hali hiyo.

Picha ni tatu. Darini yuko Mikaeli akimshinda Shetani. Ukutani kulia, Heliodoro akifukuzwa Hekaluni. Ukutani kushoto, Yakobo akipigana mieleka na malaika. Picha mbili za ukutani zina urefu wa karibu mita 7 na nusu na upana wa karibu mita 5 kila moja, zimechorwa moja kwa moja juu ya lipu kwa rangi ya mafuta iliyochanganywa na nta. Ile ya darini imechorwa kwenye kitambaa kisha ikagandishwa juu. Katika pembe nne zinazobeba dari kuna malaika wa rangi ya kijivu, kama waliochongwa kwenye jiwe.

Tuanze na dari, kwa sababu ndiyo “vita vya malaika” rasmi. Mikaeli yuko katikati, na deraya, mabawa yamefunguka, silaha imeelekezwa chini kwa adui aliye miguuni pake; mwanga nyuma, giza na miili iliyoanguka chini. Mpangilio huo ni wa kale. Raphael aliuchora mwaka 1518, picha ambayo Papa Leo X aliiagiza iwe zawadi kwa mfalme wa Ufaransa. Guido Reni aliuchora Roma karibu mwaka 1635, na hiyo ya Reni ndiyo mama wa kadi nyingi za sala zilizo ndani ya vitabu vya misa vya mabibi zetu: kijana mzuri wa nywele za dhahabu, mguu wa kushoto juu ya kichwa cha Shetani, uso hauna hata jasho. Roma walinong'ona kwamba Shetani wa Reni amepewa sura ya kardinali Pamphilj, ambaye baadaye alikuja kuwa Papa Innocent X. Kama ni kweli, basi hapo kulikuwa na ugomvi wa kweli kuliko ule wa mbinguni.

Nitasema wazi: dari ndiyo dhaifu kati ya picha tatu za Delacroix. Ina nguvu, ina rangi, lakini inarudisha yale matatizo matatu. Mikaeli hawezi kushindwa, kwa hiyo hatumwogopei. Shetani hawezi kushinda, kwa hiyo hatusisimki. Tunainua shingo, tunaangalia, tunaishusha.

Ukuta wa kulia unasogea hatua moja. Habari yake imo katika kitabu cha pili cha Wamakabayo, sura ya 3, ambacho Wakatoliki wanacho ndani ya Biblia yao na Waprotestanti wengi hawakusomeshwa. Mfalme Seleuko anamtuma waziri wake Heliodoro kwenda Yerusalemu kuchukua hazina ya Hekalu, zikiwemo akiba za wajane na yatima. Akiingia, anatokea mpanda farasi mwenye silaha za dhahabu, farasi anamkanyaga, na vijana wawili wanamcharaza kwa mijeledi kutoka huku na huku. Delacroix amemlaza Heliodoro chini ya ngazi, mali imemwagika, mmoja wa wale wenye mijeledi anashuka kichwa chini kama mwewe, na juu pazia kubwa limejaa upepo kama tanga la jahazi. Sasa malaika wana mtu wa kumpiga. Kuna nyama, kuna mbavu, kuna maumivu. Lakini matokeo bado yanajulikana. Ni adhabu, si pambano.

Ndipo unageuka kushoto.

Mieleka kabla ya jua

Kwanza unaona miti. Mialoni mikubwa imechukua sehemu kubwa ya ukuta, mashina yamejipinda, matawi yametanda mpaka juu. Delacroix alikuwa na nyumba Champrosay, pembezoni mwa msitu wa Sénart, na mialoni ya huko aliichora mara nyingi. Chini kabisa ya miti hiyo, wadogo kuliko unavyotarajia, wako wawili wanaoshikana. Kulia msafara wa Yakobo unaondoka katika vumbi: kondoo, ngamia, watu. Wote wanakwenda mbele, hakuna anayegeuka kumtazama bwana wao.

Mwanzo 32 unasema Yakobo alibaki peke yake, na mtu mmoja akashindana naye mweleka hata alfajiri. Angalia neno: mtu. Mwanzo hausemi malaika. Ni nabii Hosea, sura ya 12, anayemwita malaika, na Yakobo mwenyewe anapaita mahali pale Penueli kwa sababu anaamini amemwona Mungu uso kwa uso. Mtu, malaika, au Mungu: maandiko yameliacha hivyo. Delacroix alimpa mpinzani mabawa, lakini akamweka miguu chini. Katika karatasi ya mwaliko ya mwaka 1861 iliyoeleza picha, yule aliyejitokeza njiani aliitwa mgeni.

Sasa wasogelee. Yakobo ameinamisha kichwa kama beberu anayekwenda kupiga pembe. Mgongo wake wote umejaa misuli, shingo imezama mabegani, nguvu zake zote zinasukuma mbele. Ukiwahi kuona mieleka ya kweli, utajua huyu ni mtu aliyekwisha kupoteza mbinu na amebakiwa na uzito tu. Malaika amesimama wima. Amempokea kifuani, mkono mmoja umefungana na wa Yakobo, na mwingine umemshika pajani. Uso wake hauna hasira. Ukiwatazama kwa muda, unaanza kuona kama wanacheza dansi na mmoja wao hajui.

Ule mkono wa pajani ndio kiini cha picha. Biblia inasema mpinzani, alipoona hamshindi, aligusa uvungu wa paja la Yakobo, ukateguka. Delacroix ameichora nukta hiyo hasa, au pumzi moja kabla yake: kidole hakijabonyeza bado, au kinabonyeza sasa hivi. Yakobo hajui. Sisi tunajua. Na hapa tatizo la tatu, lile la matokeo yanayojulikana, limegeuzwa kuwa faida, kwa sababu nani ameshinda? Yakobo anaondoka akichechemea, lakini anaondoka na baraka na jina jipya, Israeli. Malaika ana uwezo wa kumlemaza kwa kidole, lakini ndiye anayeomba aachiwe kwa kuwa kunapambazuka. Ni pambano pekee katika chumba kile ambalo huwezi kulitangazia mshindi.

Kwa hiyo jibu la Delacroix kwa tatizo la vita vya malaika ni kuuondoa uzani wake kutoka darini na kuushusha ukutani, kumtoa Shetani katika nafasi ya mpinzani na kumweka mtu. Roho tupu haina paja la kuteguka. Mtu analo. Mchoraji anayetaka malaika wapigane kweli lazima ampe mmoja wao mtu wa kushika, na hapo ndipo jasho linapatikana. Sidhani ni bahati kwamba picha hii, na si ya dari, ndiyo inayowafanya wageni wasimame pale kwa muda mrefu. Mwanga unaingia kwa dirisha lililo kati ya kuta mbili, kwa hiyo kila picha unaitazama kwa ubavu. Ukisogea hatua mbili, wapiganaji nao kama wanazunguka.

Jinsi alivyopaka rangi pia ina sehemu yake. Kwa mbali mgongo wa Yakobo ni mgongo. Kwa karibu ni mistari mifupi ya brashi iliyowekwa kando kwa kando: kijani karibu na waridi, zambarau karibu na njano, haikuchanganywa kwenye ubao bali inachanganyika machoni mwako. Katika picha inayotazamwa kutoka chini na kwa mwanga hafifu wa kanisani, mbinu hiyo huifanya ngozi itetemeke. Charles Baudelaire, mshairi aliyemtetea Delacroix maisha yake yote, aliziandikia picha hizi sifa mwaka ule ule wa 1861. Wengine walilalamika. Walimlinganisha na Raphael, ambaye naye alikuwa amechora Heliodoro wake ndani ya kasri la Papa zaidi ya miaka 300 nyuma, wakaona Mfaransa huyu hamalizi mistari yake. Miongo iliyofuata wachoraji vijana walikuja kujifunza kutoka kwa mistari hiyo isiyomalizwa. Moshi wa mishumaa na unyevu viliendelea kuzififisha hadi zilipofanyiwa ukarabati mwaka 2015 na 2016, na vijani na vile vya waridi vikarudi.

Delacroix alipenda kufanya kazi wakati muziki wa ibada ukisikika kanisani. Alisema ulimpandisha mori. Ni rahisi kumwona: mzee aliyejifunga skafu shingoni, juu ya jukwaa, kinanda kikinguruma chini yake, akimtia Yakobo mstari mwingine mgongoni. Alifariki Agosti 1863, miaka miwili baada ya kikanisa kufunguliwa. Watu wamependa kusema Yakobo ni yeye mwenyewe na malaika ni ukuta. Pengine. Mimi naona hilo linaifanya picha iwe ndogo kuliko ilivyo, ingawa shajara yake inawapa sababu.

Ukifika pale, kabla ya kuondoka, tazama pembe ya chini kulia. Yakobo ameacha vitu vyake chini: nguo zimerundikwa, kofia, podo la mishale, mikuki. Delacroix alisafiri Moroko na Algeria mwaka 1832 na alirudi na madaftari yaliyojaa nguo na vifaa vya namna hiyo, na lundo hili amelichora kwa utulivu kuliko kitu kingine chochote ukutani, rangi nyeupe na nyekundu na buluu zikikaa pamoja kama sokoni. Silaha zote za Yakobo ziko hapo, hakuchukua hata moja. Nguo zimewekwa vizuri, kofia juu, kama za mtu aliyejua atarudi baada ya muda mfupi kuzivaa.